Hadithi za Mizimu za Pwani na Sanaa ya Filamu

Kililana iko bara, mkabala wa ghuba ya Manda, na upande wake wa bahari umepangwa visiwa ambavyo juu yake miji iliyo hai na miji iliyokufa imeishi ujirani kwa karne nyingi: Lamu na Shela zinazovuma kwa watu, Pate na Siyu zilizobakiwa na sehemu ya fahari yao ya zamani, na Takwa, Shanga na Manda ya kale, ambazo hazina tena mkaazi ila miti na mawe. Katika nchi ya namna hiyo si ajabu hata kidogo kwamba hadithi za majini, za mizimu na za wafu wasiotulia ni nyingi kuliko vitabu vilivyoziandika. Lililo ajabu ni kwamba sanaa ya filamu, ambayo katika nchi nyingine imejipatia utajiri na heshima kwa kuzigeuza hadithi kama hizo kuwa picha, imezigusa za kwetu kwa ncha ya kidole tu. Swali ambalo makala haya yanataka kulichungua ni hili: hadithi ya kale ya kutisha huingizwa vipi katika filamu pasipo kuipoteza hofu yake, na hofu iliyomo katika hadithi za pwani yetu ni hofu ya nini hasa?

Rai yangu naitanguliza mapema ili msomaji aipime njia nzima. Hofu ya hadithi zetu, zile zilizo bora, ni hofu ya hisabu: mfu anaogopwa kwa sababu alidhulumiwa, nyumba tupu inaogopwa kwa sababu waliokaa ndani yake walighurika na dunia, na mzimu unaogopwa kwa sababu kuna ahadi iliyovunjwa mbele yake. Filamu itakayoshika jini na kuiacha dhuluma itakuwa imeshika kivuli na kumwacha mwenye kivuli.

Aina ya hadithi ambayo Wazungu waliiita gothiki ilianza kuandikwa Uingereza katika karne ya 18, na kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza ni The Castle of Otranto cha Horace Walpole, kilichotoka mwaka 1764. Nguzo zake hazijabadilika sana tangu hapo: jumba kongwe, ukoo wenye siri, dhambi ya mababu inayowaangukia wajukuu, na usiku. Filamu ilipozaliwa iliiona hazina hiyo upesi. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu kwa kuichukua riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897, bila ya idhini ya wenye haki. Mjane wa mwandishi alishitaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, na ni kwa kudra tu kwamba baadhi zilisalimika. Tangu siku hiyo waongozaji wamefuata njia tatu kubwa katika kuzigeuza hadithi za mizuka, na ni lazima kuzitofautisha kabla ya kuyatazama ya kwetu.

Njia ya kwanza ni ya Murnau mwenyewe: kumwonyesha mfu waziwazi, kwa sura yake na kucha zake, na kuitegemea nguvu ya umbo hilo kuutetemesha moyo wa mtazamaji. Ni njia yenye taathira kubwa ikiwa mikononi mwa fundi, lakini ndiyo inayochakaa upesi kuliko zote, kwa kuwa jicho huzoea kila linachoonyeshwa mara nyingi.

Njia ya pili ni ya shaka. Mwaka 1961 Jack Clayton alitoa The Innocents, filamu iliyotokana na hadithi ya Henry James ya mwaka 1898 iitwayo The Turn of the Screw, juu ya mlezi wa kike anayepelekwa katika jumba la shamba kuwaangalia watoto wawili mayatima, naye akaamini kwamba watumishi wawili waliokufa wanataka kuzitwaa roho za watoto hao. Kuna mahali katika filamu hiyo ambapo mlezi, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anainua macho na kuona, ng'ambo ya ziwa, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi amesimama katikati ya matete. Ni mchana, hakuna ukelele wala hakuna damu, mwanamke yule hasogei, na umbali ulioko baina yao hauturuhusu hata kuuona uso wake vizuri. Mpiga picha Freddie Francis alitia giza kingo za picha zake kwa vichujio alivyovipaka rangi kwa mkono, hata mtazamaji akawa daima anahisi kwamba pembeni pa skrini kuna kitu ambacho jicho lake halikukiwahi. Filamu inakwisha na hatujui kwa yakini kama wafu walikuwako au kama woga wa yule mlezi ndio uliowaumba, na kutojua huko ndiko kunakofuatana na mtu mpaka nyumbani.

Njia ya tatu ni ya deni. Mwaka 1964 Mjapani Masaki Kobayashi alitoa Kwaidan, filamu ya hadithi nne zilizotokana na mikusanyo ya Lafcadio Hearn, na mwaka uliofuata ikapata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes. Hadithi yake ya tatu inamhusu Hoichi, kipofu mpiga biwa, ambaye uhodari wake ni kuimba habari za vita vya baharini vya mwaka 1185, ambamo ukoo wa Heike uliangamia pamoja na mfalme wao mtoto. Wafu wa ukoo ule wanamtuma mjumbe usiku baada ya usiku kumwita akawaimbie maangamizi yao wenyewe. Wanadini wa hekalu, katika kumkinga, wanamwandika maandiko matakatifu mwili mzima, lakini wanayasahau masikio. Mjumbe wa wafu anapofika haoni ila masikio mawili, naye anayang'oa na kwenda nayo. Msomaji wa Pate au wa Faza hana haja ya kufasiriwa kisa hiki. Anazijua tendi zinazowasomea walio hai habari za waliokufa vitani, anaujua uganga wa aya zinazoandikwa kwa zafarani katika kombe na kunywewa, na anaijua hirizi inayovaliwa mkononi. Japani iko mbali, lakini kwa hofu iko jirani.

Pwani ya Uswahilini yenyewe, kabla haijatengeneza filamu zake, ilijifunza hofu ya jumba kongwe kwa sehemu kubwa kutoka Bara Hindi, kwa maana filamu za Kihindi ndizo zilizojaza majumba ya sinema ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mahal ya Kamal Amrohi, ya mwaka 1949, ina bwana anayefika katika jumba lililoachwa, akaiona picha ya mwenyewe wa zamani imefanana naye barabara, akaisikia sauti ya mwanamke ikiimba gizani. Mwisho wake inadhihirika kwamba mzuka ule ni binti wa mtunza bustani. Madhumati ya Bimal Roy, ya mwaka 1958, inaigeuza hila hiyo: mwanamke aliye hai anakubali kujifanya mzuka wa msichana aliyekufa ili mwenye shamba dhalimu aungame, naye dhalimu anaungama, kisha inafahamika kwamba yule mwanamke alichelewa njiani, na aliyesimama mbele ya mdhalimu alikuwa maiti mwenyewe. Katika filamu hizi mbili zimo pande mbili za mas'ala yote: ama mzuka ni pazia la hila za walio hai, ama ni shahidi ambaye mahakama za walio hai hazikumwita.

Upande wa kwanza ndio alioushika Muhammed Said Abdulla wa Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, na kuchapishwa mwaka 1960. Mwenye shamba, Bwana Ali Bomani, ameuawa, na maiti yake imeonekana katika mzimu ambao watu wa jirani wanauhofu. Bwana Msa, mwenye kiko chake na akili yake, anaingia katika khofu ile na kuitenga na mauaji. Mtu aliyemsoma Arthur Conan Doyle ataikumbuka The Hound of the Baskervilles, ya mwaka 1902, ambamo mbwa wa ghaibu amefugwa na mkono wa binadamu, na ambayo imetengenezwa filamu mara kadhaa. Kitabu cha Abdulla kina kila kitu ambacho mwongozaji angekiomba: shamba lenye miti mikubwa, ukoo wenye siri, mahali pa matambiko, na mwanzo ambao hofu na uhalifu vimelala kitanda kimoja. Kwamba riwaya ya Kiswahili yaweza kuvuka ikawa filamu ya hadhi hakuna tena wa kulikanusha, tangu Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mwaka 2021.

Lakini asili ya hofu yetu ni ya kale kuliko riwaya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alitunga Al-Inkishafi, ambamo mtu anausemeza moyo wake na kuutembeza katika majumba ya mabwana waliokwisha: taa zimezimika, kumbi zimekuwa za popo na wadudu, na katika zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure ndege wa mwituni wamelea makinda. Ikiwa Waingereza wana Otranto, sisi tuna Pate, na tofauti ya viwili hivi inafaa kuangaliwa kwa makini. Katika jumba la Walpole mzuka huja kudai kiti cha enzi. Katika jumba la Sayyid Abdalla hapana mzuka hata mmoja, nyumba yenyewe ndiyo inayomwuliza mtazamaji amejiandalia nini. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa tangu mwanzo kwa maswali hayo: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba kisicho na mwanga ambamo maiti wa nyumba ile walioshewa. Mtu alikuwa akipita kila siku, mwenye afya na mali, mbele ya mlango wa chumba ambacho siku moja angelazwa ndani yake. Hakuna fundi wa mandhari wa London wala wa Tokyo aliyebuni jumba lenye falsafa kubwa kuliko hiyo.

Ama hadithi yenyewe, ile ambayo ningependa kuiona mbele ya kamera kabla ya zote, ni kifo cha Fumo Liyongo, alichokitungia utendi Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mtu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango kwa pamoja. Kisa kinajulikana. Mtawala anamwonea shujaa wivu. Anamshawishi mwana wa shujaa kwa ahadi ya ndoa na cheo. Mwana anamchoma babake aliyelala kwa sindano ya shaba kitovuni, silaha ya pekee iliyoweza kumwua. Liyongo anaamka, anautwaa uta wake, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anatia chembe katika uta, na anakufa katika hali ile ile, amelenga. Watu wa mji hawajui kwamba amekufa. Siku zinapita, hakuna anayethubutu kukikaribia kisima, mji mzima una kiu mbele ya maiti. Mwishowe anatafutwa mamake ili amwombe na kumbembeleza, naye anambembeleza mtoto asiyejibu, mpaka siku mwili ulipoanguka wenyewe, watu wakasogea, wakaiona sindano.

Hebu mwenye akili ya filamu na ayatazame yaliyomo humo. Pana maiti ambaye hafanyi lolote, naye anautawala mji. Pana maji yanayoonekana wala hayanyweki. Pana wauaji wanaoogopa kuuawa na waliyemwua. Pana mama anayeimba kumtuliza aliyekwisha kutulia. Njia zote tatu nilizozitaja zinakutana hapa bila ya kugombana: umbo la kutisha liko machoni, shaka iko katika kila moyo, na deni ndilo lililomfunga kila mtu asisogee. Wala haihitaji sura ya kubandikwa wala meno ya plastiki. Inahitaji mwigizaji ajuaye kutulia, kisima, mwanga wa alasiri, na Kiamu kinachosemwa na wenyewe.

Yafaa sasa kuzitazama filamu za kutisha zilizokwisha kutengenezwa na majirani zetu, na kuzitazama kwa insafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video zilipopamba moto Dar es Salaam, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, iliyotokana na imani za Wanyakyusa, na Shumileta, ya jini wa kike anayempenda binadamu. Zilitengenezwa kwa fedha chache na kwa haraka, na waliozidharau kwa ajili ya mapambo yake ya uso na sauti zake za mitambo hawakukosa hoja. Hata hivyo zilifanya jambo ambalo halikuwa dogo: zilithibitisha kwamba mtazamaji wa Afrika Mashariki yuko tayari kutishwa kwa lugha yake na kwa majini anayoyajua, bila ya kungoja kutishwa na maiti wa Ulaya. Pungufu lao ni kwamba ziliifuata njia ya kwanza peke yake. Jini alionekana mapema na kwa wingi, na maudhui ya dhuluma yakabaki kuwa wasia wa mwishoni badala ya kuwa uti wa mgongo. Kenya, kwa upande wake, ilitoa Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka 2016, ambamo wafu wanakaa pamoja katika nyumba ya wageni nyikani na hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja apatane na aliyoyatenda, nayo ikapata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Hiyo ni filamu ya hisabu kwa maana kamili, na mafanikio yake ni ithibati kwamba njia ya deni haina ugeni kwetu.

Kuna pingamizi mbili ambazo haifai kuzipita. Ya kwanza ni ya dini. Muislamu wa pwani hayahesabu majini kuwa hekaya, kwa kuwa Kurani ina sura nzima yenye jina lao, na baadhi ya wazee wanaona kwamba kuyaigiza ni kucheza na ghaibu. Naliheshimu neno hilo, na naona kwamba linaiongoza sanaa badala ya kuizuia: mwongozaji anayeamini kwamba ghaibu si ya kuonyeshwa atajizuia kuionyesha, na kujizuia huko, kama tulivyoona ng'ambo ya lile ziwa la Clayton, ndiko kunakozaa hofu ya kudumu. Pingamizi ya pili ni ya heshima ya mahali. Takwa, mji ulioachwa katika karne ya 17, si gofu la kupigia picha tu. Watu wa Shela bado huliendea kaburi lake la nguzo kwa ziara na kuomba mvua. Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuichimba mwaka 1948 na ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, nayo ina wafu wake wanaoheshimiwa. Anayetaka kuingiza kamera huko aanze kwa kuomba idhini ya wakaazi kabla ya idhini ya ofisi.

Narudi bara ya Kililana, kwa sababu hapo swali hili linaacha kuwa la kale. Mradi wa bandari ya hapo na njia za usafiri, uitwao LAPSSET, ulizinduliwa mwezi wa Machi 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa mwezi wa Mei 2021. Baina ya tarehe hizo mbili kulikuwa na madai ya mashamba, mikoko iliyokatwa, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018 iliyoamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mfaransa Benjamin Flao aliyaona haya mapema, akachapisha kitabu cha michoro katika juzuu mbili, mwaka 2012 na 2013, akakiita Kililana Song, ambamo mtoto mmoja wa Lamu anajikuta katikati ya habari za roho za kale na tamaa ya ardhi. Ni jambo la kutafakari kwamba mgeni mwenye kalamu na rangi aliutambua uhusiano huu kabla yetu sisi tuliozaliwa ndani yake. Ardhi iliyo na wenyewe walio hai na walio makaburini, ikichukuliwa kwa haraka, ndiyo chimbuko la kila hadithi ya gothiki iliyopata kuandikwa. Nasi tunayo bila ya kuazima.

Kwa hiyo, hukumu yangu juu ya swali lote ni kama ifuatavyo. Hadithi ya kale ya kutisha haivuki salama kuingia katika filamu kwa wingi wa vitisho wala kwa ukubwa wa fedha, bali kwa kulijua kosa lililoizaa na kulilinda kosa hilo mpaka picha ya mwisho. Waandishi wa filamu wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja waanze na Liyongo, kisha Mzimu wa Watu wa Kale. Waandike mazungumzo kwa lahaja za mahali. Wawachukue washairi na wasomaji wa tendi wawe washauri wao tangu siku ya kwanza, si wapambe wa siku ya uzinduzi. Na majumba ya makumbusho, kaunti na wafadhili wa sanaa wawape nafasi na muda wa kufanya kazi taratibu. Hofu ya namna hii ina manufaa kwa jamii, kwa sababu inamfundisha mwenye nguvu kwamba kumwua mtu si kumaliza naye, na kwamba mji unaokinyamazia kitendo cha dhuluma utakuja kuikosa hata njia ya kwenda kisimani kwake. Sanaa inayoweza kulisema hilo kwa watoto wetu, kwa lugha yao, inastahili jasho la watu bora tulio nao.